Madoa ya sakafuni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karibu kila anayeuliza kuhusu madoa huanza hivi: "Nimemwaga kitu fulani, nitumie nini?" Na karibu kila mara hujibiwa kwa swali: umekimwaga kwenye sakafu ya aina gani? Sakafu nyingi zilizoharibika hazikuharibiwa na doa bali na dawa iliyotumika kulitoa. Ndiyo maana majibu haya yanaanza na sakafu, madoa yanafuata.

## Kabla ya kushika dekio

Je, kuna dawa moja inayotoa madoa yote kwenye sakafu zote?

Hakuna. Kinachokaribia ni maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo, na hata hayo hayamwagwi ovyo juu ya mbao. Ndimu inayotoa kutu kwenye kigae cha kauri inakula marumaru. Asetoni inayotoa rangi ya kucha kwenye kigae hicho hicho inayeyusha vinaili (sakafu ya plastiki). Klorini inayong'arisha grauti (kijazio cha mistari kati ya vigae) inaozesha nyuzi za zulia la sufu.

Anza na sabuni hiyo hafifu. Ikishindwa, panda ngazi moja, usiruke tatu. Na kila dawa mpya ijaribu kwanza mahali pasipoonekana, nyuma ya mlango au chini ya kabati, uisubiri dakika 10 kabla ya kuiamini.

Nitajuaje sakafu yangu ni ya aina gani?

Tuanze na neno lenyewe, maana linawaponza wengi. Watu huita "marumaru" kila kigae kinachong'aa. Humu, marumaru ni jiwe lenyewe lililokatwa mlimani na kusuguliwa. Kilichotengenezwa kiwandani kwa udongo na kuchomwa ni kigae cha kauri. Viwili hivi vinafanana machoni lakini kwa asidi ni mbingu na ardhi.

Ukiwa na shaka, dondosha tone moja la siki mahali palipojificha. Marumaru ni kalisi kaboneti, kwa hiyo tone litatoa vipovu vidogo. Kigae cha kauri kitanyamaza. Futa haraka kwa maji, kwa sababu kwenye marumaru tone hilo litaacha alama. Ndiyo sababu ya kutafuta pembe iliyofichika.

Mbao na laminate zitofautishe kwa mchoro wake. Laminate ni picha ya mbao iliyobandikwa juu ya ubao wa unga wa mbao uliokandamizwa, kwa hiyo ukitazama kwa makini utaona fundo lile lile la mti likijirudia ubao baada ya ubao. Mti wa kweli haujirudii. Vinaili ni laini, ina joto kidogo mguuni, na ukiibonyeza kwa ukucha inabonyea.

Kitu kimemwagika sasa hivi. Nianze na nini?

Kama ni kigumu au kizito, kikwangue kwa kijiko au kadi ya plastiki, si kwa kisu. Kama ni maji maji, weka kitambaa cheupe kikavu juu yake ukandamize, uinue, ugeuze upande mkavu, ukandamize tena. Usisugue. Kusugua kunalitawanya doa na kulisukuma chini. Nenda kutoka ukingoni kuelekea katikati, la sivyo utamaliza na doa kubwa kuliko ulilolikuta.

Kama ni unga (masizi, bizari ya manjano, wino wa printa), usilowanishe kwanza. Fagia taratibu au vuta kwa mashine mpaka uishe. Unga mkavu ni takataka tu. Ukishalowa ni rangi.

Ni vitu gani visichanganywe kamwe?

Hapa hakuna utani. Dawa ya klorini ikikutana na asidi (siki, ndimu, dawa nyingi za kusafishia choo) hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia hutoa gesi za kloramini. Zote mbili zinaunguza macho na mapafu, na kwenye bafu dogo lililofungwa dirisha zinaweza kuua. Mkojo nao hutoa amonia kadiri unavyokaa, kwa hiyo mkojo wa zamani haumwagiwi klorini.

Pia usitie haidrojeni peroksaidi na siki kwenye chupa moja: zinaunda asidi ya perasetiki, nayo inaunguza. Ukitaka kubadili dawa, suuza kwanza ya awali kwa maji mengi, fungua madirisha, ndipo uilete ya pili. Ukisikia harufu kali inayochoma koo, usijaribu kumalizia kazi. Toka nje.

Siki na bekingi soda zikichanganywa si zinakuwa na nguvu zaidi?

Hapana, ingawa povu lake linapendeza. Moja ni asidi, nyingine ni alkali. Zikikutana zinamalizana, zikabaki maji yenye chumvi chumvi na gesi iliyopotea hewani. Povu linaweza kulegeza uchafu kidogo kwenye mfereji wa grauti, basi. Kila moja ina nguvu zaidi ikitumika peke yake: soda kama unga wa kusugulia na kunyonya harufu, siki kwa magamba ya maji magumu.

## Sakafu moja moja

Vigae vya kauri vyenyewe vinatakata, lakini mistari ya katikati imebaki nyeusi. Kwa nini?

Kwa sababu kigae kina ngozi ya kioo na ile mistari haina. Grauti ya kawaida ni saruji, ina vitundu, na inakunywa maji ya dekio pamoja na uchafu wake. Kadiri unavyodeki kwa maji machafu ndivyo unavyoipaka rangi.

Tengeneza uji mzito wa bekingi soda na maji, upake kwenye mstari, uache kwa dakika 15, usugue kwa mswaki wa zamani, kisha ufute kwa maji safi unayoyabadilisha mara kwa mara. Kama weusi ni ukungu, tumia klorini iliyozimuliwa, sehemu 1 kwa sehemu 10 za maji baridi, dakika 10, kisha suuza. Izimue siku ile ile unayoitumia kwa sababu nguvu yake hupotea.

Asidi ya choo itaifanya grauti iwe nyeupe haraka sana, na hilo ndilo tatizo lake. Weupe ule ni saruji iliyochunwa. Baada ya kurudia mara kadhaa mistari huwa mifereji, maji huingia chini, na vigae huanza kulia ukivikanyaga.

Nimemwagia ndimu kwenye marumaru (au terazo), pamebaki duara lisilotoka. Nitumie nini?

Pengine hilo si doa. Nalisema kwa uchungu, kwa sababu mimi mwenyewe nilisugua duara la namna hiyo kwenye terazo kwa karibu wiki nzima. Lilikuwa na ukubwa wa kitako cha glasi, limefunga upande mmoja na kuachia upande mwingine, pale glasi ya maji ya ndimu ilipokaa usiku kucha. Nilitumia sabuni, soda, hata dawa ya meno. Siku moja nikapitisha kidole juu yake nikiwa nimefumba macho: palikuwa na ukavu, kama karatasi pembeni ya kioo. Nilipolaza tochi sakafuni nikaona mng'ao unakatika pale pale. Rangi haikuwa imeongezeka. Jiwe lilikuwa limepungua.

Jaribu hivyo hivyo kwako. Kama pamekwaruza au pamefifia, hakuna dawa ya kupaka; panahitaji kung'arishwa upya kwa unga maalumu wa kusugulia mawe, na pakiwa pakubwa ni kazi ya mashine. Terazo ni vipande vya marumaru ndani ya saruji, kwa hiyo inaumwa na asidi zile zile. Kama pako laini kama jirani yake na rangi ndiyo imebadilika, basi ni doa kweli. La chai, kahawa au divai lipakie uji wa bekingi soda na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ufunike kwa plastiki saa 24, kisha uache ukauke wenyewe kabla ya kuukwangua. Kwenye jiwe jeusi jaribu pembeni kwanza, kwa kuwa peroksaidi inaweza kulipausha.

Mafuta yamezama kwenye sakafu ya saruji. Yatatoka?

Mengi yatatoka, yote huenda yasitoke. Saruji ni sifongo gumu. Kwanza mwagia unga mkavu unaonyonya, kama chaki iliyosagwa, bekingi soda au poda ya talki, uukanyage kidogo, uuache usiku kucha, ufagie. Rudia mpaka unga uache kubadilika rangi. Hapo ndipo unasugua kwa brashi ngumu, maji ya moto na sabuni ya unga.

Kivuli kinachobaki kiwekewe kibandiko: ule ule unga uliolowanishwa kwa sabuni ya maji uwe kama siagi, upakwe unene wa sentimita 1 hivi, ufunikwe plastiki siku moja, kisha ufunuliwe ukauke. Ni wakati wa kukauka ndipo unapovuta mafuta juu, kwa hiyo anayeukwangua ungali mbichi amejisumbua bure.

Petroli na mafuta ya taa yataondoa mafuta, ndiyo, lakini yatajaza chumba mvuke unaosubiri cheche. Usiyatumie ndani ya nyumba. Waya wa kusugulia sufuria nao uweke kando: huacha vijipande vya chuma kwenye vitundu, na baada ya siku chache unakuwa na madoa ya kutu juu ya doa la mafuta. Kama sakafu ina nta, usishangae sabuni kali na brashi zikiichuna. Itabidi upake upya.

Kwenye sakafu ya mbao kuna duara jeupe. Mwingine ana jeusi. Ni doa moja?

Si moja, na tofauti yake ni kubwa. Jeupe ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi, haujafika kwenye mti. Subiri siku moja au mbili, mara nyingi hufifia lenyewe. Lisipofifia, tandika kitambaa cha pamba kikavu juu yake, pitisha pasi ya moto mdogo kwa sekunde chache, uinue uangalie, urudie. Mvuke wa pasi uzime.

Jeusi maana yake maji yamepita vanishi yakafika kwenye mti. Miti yenye tanini nyingi (kemikali ya asili iliyomo ndani ya mti) kama mwaloni huwa myeusi maji yakikutana nayo pamoja na chuma: msumari, mguu wa kiti, hata kopo lenye kutu. Hapo juu juu hapatoshi. Vanishi inaondolewa, doa linapaushwa kwa asidi ya oksaliki (vaa glavu na barakoa, ni sumu), mbao inasuuzwa, inakauka, inapakwa upya.

Kwa madoa ya kawaida kwenye mbao, kitambaa kiwe kimekamuliwa mpaka hakidondoki. Ukipaka mafuta ya kitani baadaye, vitambaa vilivyolowa usivikunje na kuvitupa kwenye ndoo. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Vitandaze nje vikauke.

Laminate je? Si ni kama mbao?

Inafanana kwa sura tu. Juu yake ni plastiki ngumu isiyonywa kitu, kwa hiyo madoa hutoka kirahisi; wino hufutwa kwa spiriti kidogo kwenye kitambaa. Adui ni maji yanayoingia kwenye maungio: ubao wa chini huvimba, kingo zinainuka, na hazirudi tena. Usimwage maji, usitumie mashine ya mvuke.

Na vinaili?

Inavumilia maji na sabuni. Haivumilii asetoni, thina, wala joto. Mikwaruzo myeusi ya soli za viatu isugue kwa ufutio wa penseli kabla ya kukimbilia dawa. Nusu ya wanaouliza wangeishia hapo.

Doa la zulia nimelitoa jioni, asubuhi limerudi. Ni uchawi?

Ni fizikia. Ulisafisha ncha za nyuzi, kimiminika kikabaki shinani. Usiku zulia lilipokauka, unyevu ulipanda kupitia nyuzi ukabeba uchafu hadi juu, kama utambi unavyopandisha mafuta.

Rudia, lakini safari hii lowanisha kidogo, kisha weka taulo nene kavu juu ya doa, na juu ya taulo kitu kizito kama lundo la vitabu ndani ya mfuko wa plastiki. Acha mpaka asubuhi. Utambi sasa utaishia kwenye taulo. Sababu ya pili ya doa kurudi ni sabuni isiyosuuzwa: inanata, na vumbi la kila mguu linaishia pale. Maliza kila mara kwa maji matupu.

Zulia la sufu lisiguswe na klorini wala sabuni zenye alkali kali.

## Madoa sumbufu

Damu?

Maji baridi, kamwe si ya moto. Joto linagandisha protini ya damu ikashikamana. Kandamiza, suuza, rudia. Iliyokauka itie matone ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, itatoa povu, futa. Peroksaidi hupausha, basi kwenye zulia la rangi na mbao jaribu pembeni kwanza.

Kutu ya miguu ya meza?

Kosa la kwanza la kila mtu ni kumwagia klorini. Klorini haitoi kutu, inaizidisha. Kutu inataka asidi: kwenye kigae cha kauri, ndimu na chumvi kwa nusu saa, epuka grauti kadiri uwezavyo, suuza vizuri. Kwenye marumaru, terazo na saruji asidi hiyo itakula sakafu (tazama jibu la duara la ndimu), kwa hiyo tafuta dawa ya kutu iliyoandikwa kuwa inafaa kwa mawe. Kisha vika miguu ya meza vifuniko vya plastiki, la sivyo mwezi ujao utaliuliza swali hili tena.

Mkojo wa mtoto au paka, mbona harufu haiishi?

Harufu huisha, halafu siku ya unyevunyevu inarudi. Mkojo ukikauka huacha fuwele za asidi ya uriki ambazo maji na sabuni haziyeyushi vizuri. Unyevu ukija zinaamka. Dawa zenye vimeng'enya (protini zinazovunjavunja uchafu) ndizo zinazozivunja, nazo zinahitaji muda: lowanisha mpaka kina kile kile mkojo ulipofika, funika, acha kwa saa zilizoandikwa kwenye chupa. Usitangulize dawa nyingine kali, itaua kazi ya vimeng'enya. Mvuke wa moto kwenye zulia unaipika harufu ndani. Kuhusu klorini, jibu liko kwenye swali la vitu visivyochanganywa.

Bizari ya manjano. Nilipotia sabuni doa likawa jekundu!

Usiogope, hujaliharibu. Rangi ya manjano hugeuka nyekundu ikikutana na alkali, na sabuni nyingi ni alkali. Suuza, itarudi njano. Baada ya hapo mshirika wako ni jua: rangi hii haivumilii mwanga. Zulia dogo lianike. Kwenye kigae klorini iliyozimuliwa itamaliza kazi, ila suuza sabuni kwanza.

Chingamu na nta ya mshumaa?

Barafu ndani ya mfuko, dakika 10, zikikakamaa zivunje kwa kijiko. Mabaki ya nta kwenye zulia yafunike kwa karatasi nyeupe ya kunyonya, upitishe pasi ya moto mdogo, karatasi itainywa.

Rangi ya ukutani imedondoka?

Rangi ya maji ikiwa mbichi hutoka kwa maji, kwa hiyo usingoje fundi amalize. Ikikauka kwenye kigae, ikwangue kwa wembe uliolazwa. Rangi ya mafuta inahitaji tapentaini: kwenye kigae sawa, kwenye vinaili hapana, kwenye saruji ujue itazama na kivuli chake.

## Mambo yasiyo ya kawaida

Unga mweupe unatoka kwenye saruji au kati ya vigae, nikidekia unatoweka, ukikauka unarudi.

Hilo si doa, ni chumvi kutoka ndani ya sakafu. Maji yanapanda kutoka chini, yanakauka juu, yanaiacha. Kila ukidekia unaiyeyusha na kuirudisha ndani. Ifagie kavu kwa brashi, kisha utafute maji yanatoka wapi: bomba linalovuja, mtaro ulioziba, ukuta unaonyonya mvua.

Nimeinua mkeka wenye mgongo wa mpira, vinaili chini yake imekuwa njano.

Kemikali kutoka kwenye mpira zimeingia ndani ya vinaili na kubadili rangi yake. Halitoki kwa kusugua, na wanaouza dawa ya kulitoa wanauza matumaini. Funika au badilisha kipande. Mkeka mpya uwe na mgongo wa kitambaa.

Vigae vya vinaili vya nyumba ya zamani vina madoa mazito. Naweza kupiga msasa?

Usipige. Vigae vya namna hiyo vilivyowekwa kabla ya miaka ya 1980 kwisha, pamoja na gundi nyeusi chini yake, vinaweza kuwa na asbesto (madini ya nyuzi nyembamba). Vikiwa vizima havina shida kubwa. Vumbi lake ndilo hatari kwa mapafu. Safisha kwa kitambaa na sabuni, usikwangue, usitoboe. Ukitaka kuving'oa, vipimwe kwanza.

Nimejaribu kila kitu. Fundi akija nimwambie nini?

Mwambie kila ulichomwaga, kwa mpangilio, hata kile unachoona aibu kukitaja. Si ili akuhukumu. Akitia asidi juu ya klorini uliyoisahau kwenye grauti, mtakaoivuta gesi ni nyinyi wawili.